Konokono Uchi wa Kibarani

Baraza yenyewe ni ya mawe, pembeni mwa mtaa wa Kuze, Mombasa, ubavuni mwa duka la vyuma la Huzaifa, na wenyewe huiita Rufaa, kwa sababu kesi iliyokwisha kwingine kote mjini ikifika hapo huanza upya. Shukri huja na dele lake la kahawa baada ya Alasiri, akalitua juu ya seredani ya makaa, na kikombe cha kwanza kikishamiminwa hakuna tena asiyejua kitu. Salem, karani mstaafu wa bandarini, huitwa Nahodha, ingawa akipanda feri ya Likoni hufumba macho mpaka ng'ambo. Jaffar ni Wakili. Sheria hakusoma, lakini amekuwa shahidi katika kesi sita. Huzaifa mwenye duka ni Gazeti. Na mwisho wa baraza, mgongo ukutani, hukaa Kalama, mlinzi wa zamu ya usiku katika godauni moja huko Shimanzi, ambaye hupitia hapo kunywa kahawa kabla ya kwenda kazini. Huyo husikiliza kuliko anavyosema, wakamwita Kimya. Siku hiyo Kimya alikuwa ameficha bahasha ya kaki chini ya paja, na tangu afike alikuwa akitafuta mahali pa kuanzia.

Salem alimtangulia. Hakungoja hata kukaa.

— Mumesikia redio asubuhi? Afaf wangu wa nyumbani, binti wa marehemu ndugu yangu, ametajwa mbele ya nchi nzima!

— Mashallah! Ameposwa? akauliza Shukri.

— Posa ya nani? Konokono! Ati amegundua konokono wa baharini, tena konokono mwenyewe uchi, hana gamba. Wenziwe wajenga Nyali, yeye miaka yote yuwenda kupekua matope Kibarani. Kibarani, jamani! Pale palipokuwa jaa la mji mzima! Babake, Mungu amrehemu, alitaka mtoto wake awe daktari.

— Si daktari huyo? akasema Huzaifa. Redio imesema Daktari Afaf.

— Daktari wa konokono, ndiyo. Konokono akiumwa na kichwa ataitwa yeye.

Baraza ikacheka. Kalama akakiinamia kikombe chake.

— Wahenga hawakukosea, akasema Jaffar. Asiye na mwana na aeleke jiwe.

— Hapo yaingiaje, Wakili?

— Konokono hukaa chini ya jiwe, hakai?

— Hukaa.

— Basi imeingia.

Huzaifa akavua miwani, dalili kwamba ana la kusema.

— Nyinyi mwacheka, lakini mimi nimesoma. Hawa wanyama wa baharini wasio na gamba hujilinda kwa sumu, na sumu hiyo wenzetu wa ng'ambo huitafutia dawa. Ngojeni miaka miwili. Mtakwenda duka la dawa mukanunue vidonge vya konokono wetu wenyewe, na kwenye pakiti kumeandikwa vimetoka Ulaya.

— Hata si wetu, akasema Salem. Mimi nimekaa bandarini miaka thelathini na miwili. Meli ikija haina shehena hujaza maji ya bahari tumboni isiyumbe, ikifika hapa ikayamwaga. Huyo mdudu alipanda huko, Uchina au wapi, akashukia Mombasa. Hana pasi wala viza. Afaf amemkuta mhamiaji haramu, akampa cheti cha kuzaliwa.

— Mumepotea nyote, akasema Jaffar. Huyo ni mtoto wa betri.

— Betri gani?

— Betri za gari, za redio, za saa! Miaka hamsini ya betri na dawa za hospitali na rangi za nywele, zachemka pamoja pale Kibarani na jua la Mombasa juu yake. Kitu gani hakitazaliwa? Leo konokono. Keshokutwa atatoka pweza mwenye taa kichwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Kama ni wa betri, kaunti imwajiri, akasema Huzaifa. Awekwe juu ya nguzo za barabarani.

— Si wa betri.

Sauti ilitoka mwisho wa baraza. Mkono wa Shukri ukasimama hewani na dele ndani yake.

— Kimya amesema! Jaffar akapiga paja. Andikeni tarehe!

— Si wa betri, akasema Kalama tena, wala hakuja na meli. Mimi namjua. Nilimwona kabla Afaf hajazaliwa.

— Ulimwona wapi? akauliza Salem.

— Pale pale, mzee Salem. Mimi nilikua pale.

Hakuwa amewahi kuwaambia. Miaka tisa alikuwa amekaa nao, akasikia kila mzaha juu ya harufu ya Kibarani na juu ya watu waliookota taka pale, na kila mara alimeza kahawa akanyamaza. Sasa akaona neno limeshatoka na halirudi, akaliongezea mengine. Babake alifariki Kaloleni, akasema, na mamake, Umazi, akateremka Mombasa na watoto watatu, wa mwisho mgongoni. Kazi aliyoipata ni kuokota chupa na vyuma jaani. Mwambao wa jaa, upande wa mikoko, palikuwa na ukuta wa zamani uliobomoka, na mvua ikija watoto walijificha hapo. Ndipo Kalama alipokiona hicho kidude kwenye mawe, maji yakipwa: cheusi kama masizi, kirefu kama ukucha wa kidole cha mwisho, na ukingo wa rangi ya chungwa umekizunguka kama taraza ya kanzu.

Jaffar alitazama vidole vyake.

— Na Afaf unamjua? Ulimpata vipi? akauliza Salem. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Yeye ndiye aliyenipata mimi. Miaka mitano sasa. Nilikuwa nimetoka zamu, nimepita Kibarani, kwa sababu mimi bado hupita. Nikaona mtoto wa kike, buibui limekunjwa kiunoni, viatu vya mpira mpaka magotini, apindua mawe. Nikasema, huyu ametumwa na mganga. Lakini nikamtazama. Kila jiwe akilipindua, akishaangalia, alirudisha. Upande ule ule, tundu lile lile. Jiwe baada ya jiwe, saa mbili nzima juani. Nikajiambia, mtu arudishaye jiwe hata hakuna amwonaye, huyo si wa kumwacha ahangaike. Nikamwendea, nikamwuliza atafuta nini, akasema konokono wasio na gamba, nikamwonyesha ukuta.

— Na alikuwepo?

— Mmoja. Afaf alipomwona alikaa kitako ndani ya matope. Akaniuliza jina langu, akaliandika kwenye daftari lake siku ile ile, na tarehe, na saa, na mahali.

— Sasa mimi naomba kueleweshwa, akasema Huzaifa. Ameona konokono. Mimi naona konokono kila mvua. Ugunduzi uko wapi?

Kalama akavuta pumzi. Swali hili yeye mwenyewe alimwuliza Afaf, na jibu alikuwa amelihifadhi.

— Nilimwuliza hivyo hivyo. Akaniambia: Kaka Kalama, spishi mpya ni kama mtoto mpya katika nyumba ijulikanayo. Humjui, lakini ukimtazama pua utasema huyu ni wa kwa kina fulani. Jenasi mpya ni kitu kingine. Umekutana na mtu, umemwuliza ukoo, na ukoo wake haumo katika kitabu chochote duniani. Si mtoto mpya. Ni mlango mpya.

— Mlango mpya, Salem akarudia.

— Na huwezi kusema tu, ukaaminiwa. Lazima uonyeshe kwamba si wa nyumba hii, wala ile, wala ile ya tatu. Hawa wana ulimi wenye meno, mzee Salem. Meno madogo, hayaonekani ila kwa hadubini. Afaf aliyahesabu, akayachora kwa mkono, jino moja moja. Akachora na viungo vya ndani, mnyama mwenyewe mdogo hivi. Kisha akaandikia majumba ya makumbusho ya nchi kumi na mbili, wamtumie picha za meno ya wale wao.

— Na akashinda, akasema Jaffar.

— Akashindwa. Profesa mmoja wa ng'ambo, bingwa wao katika mambo hayo, alimjibu kwamba huyo ni wa jenasi ya zamani, ametofautiana kidogo tu, na kwa mnyama mmoja haanzishi ukoo mtu. Alete wengine.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Jaffar, na kwa kuwa ilikaribia kufaa, hakuna aliyempinga.

— Tukarudi ukutani. Ukuta haupo.

— Haupo vipi?

— Kuna waliokuwa wajenga karibu. Malori yalikuwa yamemwaga kifusi juu yake. Hata jiwe moja halikuonekana.

Shukri alikuwa ameacha kumimina. Aliketi juu ya kigoda chake, akasahau hata wateja wawili waliokuwa wamesimama na vikombe vitupu, nao wakasahau kumkumbusha.

Kalama akawaeleza miezi kumi na mmoja iliyofuata. Kila bamvua, maji yanapopwa mbali kuliko siku nyingine, alitoka zamu asubuhi akaenda Kibarani badala ya kwenda kulala. Afaf alikuja alipoweza, na asipoweza Kalama alikwenda peke yake. Walipindua mawe mpaka yakawa yanawajua. Hawakupata kitu. Mwezi wa tisa Afaf alimwambia aache, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu na angekuja kusinzia kazini akafukuzwa. Kalama akamwambia ataacha. Bamvua ya pili yake alikwenda.

— Kwani alikuwa akikulipa? akauliza Jaffar.

— Nauli na chai. Si hilo, Wakili. Mimi maisha yangu yote nalinda vitu vya watu ambavyo sijui ndani mna nini. Makasha yaja, yaenda. Hiki nilijua ni nini.

— Ehe. Mwezi wa kumi na moja.

— Mwezi wa kumi na moja niliona mlango wa friji. Mlango wa friji ya zamani, umezama nusu kwenye matope katikati ya mikoko, labda uko pale tangu nikiwa mtoto. Nikauinua. Chini yake, wawili. Wawili, jamani, na ubavuni mwao mayai, kama uzi mwembamba uliozungushwa. Nikampigia Afaf. Akaniambia, yuko ndani ya tuktuk, malori yamefunga barabara yote, usiwaache, maji yaja. Na maji yalikuwa yaja kweli. Kwa hivyo mmoja nikamtia kwenye kifuniko cha thamosi yangu na maji ya pale pale. Afaf alikuwa ameniambia maji yakipata moto hufa. Nikavua shati, nikamfanyia kivuli, na kila baada ya dakika chache nikabadilisha maji, kijiko kwa kijiko, nisimmwage. Maji yakafika magotini. Yakafika kiunoni. Nimekinyanyua kifuniko hivi, kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa.

Kalama alikuwa amesimama bila kujijua, kikombe cha kahawa mkononi, kimeinuliwa usawa wa kifua.

— Na yule wa pili? akauliza Salem.

— Nilimrudisha pale pale, yeye na mayai yake, na mlango nikaulaza kama ulivyokuwa. Nilijua Afaf atataka hivyo. Alipofika alikuja mbio, na buibui na viatu vyote, akaingia majini. Akatazama ndani ya kifuniko. Akanishika mkono akaubusu, kama mtu abusuye mkono wa amiye.

Salem alipapasa mfukoni, akatoa leso, akajifanya afuta miwani ambayo hakuwa amevaa.

— Hakunambia, akasema. Mimi nikimwona na matope nilikuwa namwambia ajiaibisha.

— Yule ndiye aliyeimaliza kesi. Meno yake yalikuwa yale yale, viungo vile vile, na vipimo vya damu ya ukoo vikasema hafanani na wa nyumba yoyote. Afaf akamtumia profesa michoro yote. Yule bwana akakaa wiki tatu. Kisha akaandika mstari mmoja: Nilikosea, na nimefurahi kukosea.

— Huyo naye ni mtu, akasema Huzaifa polepole. Bingwa kuandika nilikosea. Hapa Rufaa sijaisikia tangu nifungue duka.

— Avumaye baharini papa, akasema Shukri, kumbe wengi wapo.

Wote wakamgeukia. Jaffar aliipima methali hiyo, akatafuta kosa, akakosa.

Ndipo Kalama akaitoa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na nane alizochapishiwa na Afaf. Huzaifa akafuta mikono yake kwenye kikoi kabla ya kuzipokea. Zikapita kutoka paja hadi paja: picha ya mnyama mweusi mwenye taraza ya chungwa, ukurasa mzima wa meno, kila moja limechorwa kwa vidoti vidogo vidogo, kama kazi ya mshona kofia. Salem aliushika ukurasa huo muda mrefu.

— Mkono wa babake huu, akasema. Alikuwa akichonga milango.

— Jina nisomeeni, akasema Jaffar. Mtoto hana jina?

Huzaifa akaukaribia ukurasa wa kwanza.

— *Kibarania*. Hiyo ndiyo jenasi. *Kibarania umaziae*.

Kibarani, ambayo watu wa mjini walikuwa wakipita wamefunga vioo vya gari, sasa itatamkwa na maprofesa mpaka siku ya mwisho.

— Afaf alitaka kumpa jina langu, akasema Kalama. *Kalamai*.

— Lasikika kama kaimati ya futari, akasema Shukri.

— Nikamwambia laa. Mimi nilipelekwa pale mgongoni mwa mtu. Mpe jina la huyo.

— Ngoja, ngoja! Jaffar akainua kidole. Yaani mwana mzima, na akili zake, amempa mamake jina la konokono?

— Amempa konokono jina la mamake, akasema Huzaifa. Si sawa.

— Kisheria ni sawa! Hiyo ni kashfa ya maandishi. Mwanamke mwenye heshima zake, aitwe konokono, tena uchi! Mimi ningekuwa shahidi.

— Heshima gani kubwa kuliko hiyo? Salem akamjibu kwa ukali. Wafalme wameweka majina yao juu ya ngome, na ngome zimekuwa magofu. Jina la Bi Umazi limewekwa juu ya ukoo ulioumbwa na Mungu mwenyewe. Nani awezaye kuubomoa?

— Basi adai haki zake! Jaffar alikuwa ameshageuza kesi. Kila konokono wa ukoo ule atakayezaliwa ni mjukuu. Pwani nzima ya Kibarani ni urithi wa Bi Umazi. Hao wa kifusi wahame kesho!

— Mama mwenyewe asemaje? akauliza Shukri.

Kalama akakaa chini.

— Hajui.

— Hajui!

— Niliogopa. Mama ni mtu wa kanisa, na pale Kibarani hapendi kupataja. Majirani zake huko Mariakani anakokaa sasa hawajui aliwahi kuokota taka. Sasa nimwambie nini? Nimeitangazia dunia, na kwa jina la mdudu?

Salem ndiye aliyenyoosha mkono akaichukua simu ya Kalama iliyokuwa ubavuni mwake, akamtilia kiganjani.

— Piga. Mimi nimekaa miaka na mtoto nyumbani nisimwulize afanyalo. Usinifuate mimi. Piga.

Kalama akapiga, akaweka sauti ya nje, akailaza simu juu ya baraza.

— Mayo, ni mimi.

— Kalama? Hujaenda kazini?

— Naenda sasa hivi, mayo. Kuna jambo.

Akamweleza. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akamtaja Afaf, na mawe, na mlango wa friji, na profesa. Upande wa pili walisikika kuku tu. Alipofika kwenye jina, alilitamka mara mbili, akaacha.

— Jina langu, akasema Umazi.

— Ndiyo, mayo.

— La konokono.

— Ndiyo. Kama umechukia, mayo, nisamehe. Lakini hakuna mwingine niliyemjua wa kupewa.

Kuku wakalia. Kisha wote barazani wakasikia mwanamke mzima akicheka, kicheko cha taratibu kilichoanzia tumboni, kikakatika katikati kama kimekwama.

— Mdogo wa kiasi gani?

— Kama ukucha, mayo. Mweusi. Ana ukingo wa rangi ya chungwa, mzuri sana.

— Na alikuwa akiishi pale? Pale ukutani? Siku zile zile zetu?

— Siku zile zile.

— Lakini mwanangu, akasema Umazi, pale palikuwa moshi na vyuma. Hata nyasi haikuota. Miaka yote ile, alikuwa akila nini?

Kalama akamtazama Huzaifa. Huzaifa akazifunua karatasi, ukurasa wa sita, wa tisa, wa kumi na tano, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

— Wameandika chakula chake hakijajulikana, akasema kwa sauti ya chini. Wamemfungua, wametazama, hawakupata kitu.

Salem, aliyeijua bahari miaka thelathini na miwili, aliushika tena ukurasa wa meno. Dele lilikuwa limekauka juu ya seredani, na Shukri hakulitoa.

— Kalama? Upo?

— Nipo, mayo.

— Nauliza, alikuwa akila nini?

Kalama alikuwa amekumbuka sufuria moja na watoto watatu, na mamake ameketi kando, kila jioni, akiwaambia kuleni, mimi nimeshakula.

— Hatujui, mayo, akasema. Hakuna ajuaye.